Aliyejua Njaa ya Kila Nyumba

Ukitaka kumjua Theopista usingemtafuta kanisani, maana kanisani alikuwa kimya kama wenzake. Ungekwenda mashineni. Pale kijijini Kakese, kwenye kibanda cha mabati ambamo mashine ya kusaga ya Bwana Telesphor ilinguruma tangu asubuhi, ndipo ungemkuta mwenyewe: mwanamke mfupi, mweupe kwa unga kuanzia kope hadi kandambili, anapokea debe kwa mkono mmoja na mkono wa pili amekwisha kuuzamisha ndani ya mahindi. Watu walimwita mama Damiano, kwa jina la kijana wake aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari mjini. Alikuwa Mpimbwe, mtoto wa wakulima, ameolewa Kakese na kufiwa na mume hapohapo Kakese, na hiyo kazi ya mashine ndiyo iliyomweka hapo kwa heshima yake bila kwenda kuomba kwa shemeji.

Kazi aliyopewa ilikuwa kupokea, kupima na kumimina. Kazi ya kujua hakupewa na mtu, ilimjia yenyewe. Mama akileta mahindi ya kukoboa, apate sembe nyeupe na pumba aziache kwa wenye kuku na nguruwe, nyumba hiyo ina chakula. Akianza kusema, "Leo sagia na maganda yake, mama Damiano, dona ina nguvu," basi ghala limeanza kuonyesha sakafu. Akija na mahindi yaliyochanganywa na makopa ya mihogo, huko nyumbani tonge limepungua. Na akija na kisado badala ya debe, tena akaja saa ambayo foleni imekwisha, akasema kwamba ameharakishwa na wageni, Theopista alimsagia upesi huku akiangalia pembeni. Wageni hao aliwajua.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ni kweli, lakini kata haisemi. Theopista alisema. Hakuwa mbaya, wala hakuwa mbea wa kuzunguka nyumba za watu, ila mashine ikizimwa ipoe na mtu akakaa karibu naye, maneno yalimtoka kama pumba. "Masikini, kwa fulani wameanza makopa." Alisema kwa huruma kabisa. Huruma nayo ina mdomo, na mdomo ukishafunguka hauulizi nani anasikiliza.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, mvua iliwadanganya watu. Ilinyesha vizuri, wakapanda, ikakata. Mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti. Kila mtu akawa na mbegu kidogo aliyoitundika juu ya jiko, akingoja mvua irudi apande upya. Mpunga tu, kwenye majaruba yaliyokuwa karibu na maji, ndio uliosimama. Ungevunwa baada ya miezi, na kwa nyumba nyingi za Kakese huo mpunga ndio uliokuwa mwaka mzima. Na hapo ndipo alipokuja Optatus.

Usimdhanie mtu wa sura mbaya. Alikuwa kijana safi, shati limechomekwa, mtoto wa katekista, ana duka Kashaulili, kule mjini, na gari la mizigo. Akifika anasema, "Shikamoo mama," anangoja kuitikiwa, ndipo anakaa kwenye benchi la nje ya mashine. Anamletea Theopista soda, na si ya moto, sijui alikuwa anaitunza wapi. Kisha anauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Watu wanasaga nini siku hizi?"

"Wewe mtoto, mahindi ya watu yanakuhusu nini?" Theopista alimtania siku za mwanzo.

"Nimezoea tu, mama. Kule Dar nilikuwa kwenye kampuni ya kuuza sabuni na mafuta ya kupikia. Bosi wetu alikuwa na kompyuta. Kila duka likinunua katoni, inaingizwa. Baada ya muda ile kompyuta inamwambia mtaa gani utaishiwa sabuni, na lini, kabla wenyewe hawajajua. Gari linafika siku hiyohiyo. Watu wanasema Mungu mkubwa."

"Na wewe kompyuta yako iko wapi?"

"Kompyuta yangu ni wewe, mama."

Theopista alicheka mpaka akapiga chafya ya unga. Mtu amemimina mahindi ya watu miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba anachokijua ni kitu. Sifa ni tamu, jamani, na njaa yake hata mwenye shibe anayo. Basi akawa anamweleza. Nani ameacha kukoboa. Nani ameanza kuchanganya. Nani hajaonekana tangu Jumapili ile.

Alichokuwa hajui ni kwamba benchi lake halikuwa la peke yake. Optatus alikaa vilevile pale josho, ambako ng'ombe huogeshwa, akaulizia mifugo ya nani imeletwa na nani. Alikaa kwenye duka la dawa pale Kashaulili, akasikia nani ananunua nini. Kwa muuza chumvi pia alikaa. Kila mmoja alimpa kijiti kimoja tu, na kijiti kimoja hakimchomi mtu. Yeye ndiye aliyekuwa anafunga mzigo.

Theopista aligutuka siku Hilaria, jirani yake, alipoleta mahindi ya kukoboa. Alizamisha vidole akakuta punje nono, ngumu, hazina hata mdudu. Na huyu wiki iliyopita alikuwa amefika kwenye makopa.

"Haya umeyapata wapi, mama?"

"Kwa Optatus," Hilaria alisema, uso umemng'aa. "Amenunua mpunga wangu."

"Mpunga upi? Si bado ni majani?"

"Hayohayo majani. Mpunga ukiiva ni wake, mimi nimepata mahindi sasa hivi. Dada, yule kijana katumwa. Alifika siku ambayo nimekung'uta gunia la mwisho, siku hiyohiyo, akaniambia, 'Mama, najua umebakiza kisado.' Nilikuwa sijamwambia hata mume wangu. Na si mimi tu, hata kwa kina mama Sixte alifika hivyohivyo, na kwa yule mzee wa kule bondeni. Ana karama."

Theopista alimimina mahindi yale huku masikio yanamuwaka. Aliyemtaja mama Sixte ni yeye, kwa mdomo wake, akiwa na soda mkononi. Aliyemtaja mzee wa bondeni ni yeye. Karama gani. Alitaka kumwambia Hilaria pale pale, akaona aibu, akaongeza moto wa mashine ili kelele zimsaidie kunyamaza.

Hilaria alikuwa ameshauza, maji yamemwagika. Aliyemtia Theopista hofu ni Minza.

Minza alikuwa Msukuma, alikuja Kakese na mumewe Malale wakiswaga ng'ombe kutoka kaskazini, wakachimba majaruba ambayo hata wenyeji waliyapita polepole kuyatazama. Ng'ombe waliwaweka kwa watu kule Sibwesa kwenye malisho. Yeye na Theopista walikuwa marafiki wa kweli, wa kusukana nywele na kutukanana kwa utani. Huyu naye alikuwa ameanza makopa. Na Theopista alikuwa amekwisha kusema.

Minza alikuja mashineni bila debe. Alisimama mlangoni mpaka foleni ikaisha.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka, mdogo wangu. Mbona mikono mitupu?"

"Optatus amekuja kwangu," Minza alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analiweka chini kwanza. "Anataka majaruba. Nikamwambia siuzi. Akasema, najua mnachanganya makopa. Nikanyamaza. Akasema, ng'ombe wa Malale siku hizi wanapelekwa josho na mtu mwingine. Nikanyamaza. Akasema, dawa unazonunua Kashaulili si za mtoto. Akasema, shemeji, Malale hayuko Sibwesa."

Theopista alishika nguzo ya kibanda. Kijiji kizima kiliambiwa Malale yuko Sibwesa na ng'ombe wake. Kumbe Malale alikuwa amelala kwa dada yake mjini, kifua kimembana, hawezi kutembea hadi mlangoni. Minza alimweleza sasa, kwa sababu hapakuwa tena na cha kuficha. Wale walioachiwa ng'ombe wakisikia bwana hainuki, ng'ombe wataanza kufa njiani mmoja mmoja, na hakuna atakayeletewa hata ngozi. Majaruba yakienda na ng'ombe wakienda, Minza na watoto watakuwa vibarua kwenye shamba walilolichimba wao.

"Akasema," Minza aliendelea, "'Mimi si mtu wa maneno, shemeji, siri yako iko salama kwangu.' Dada, mtu akikwambia siri yako iko salama kwake, na wewe hukumpa, maana yake nini?"

Theopista alichukua ufagio, na Minza akaendelea.

"Amenipa mpaka mwezi uandame, niwe nimefikiri. Habari ya ng'ombe najua haikutoka kwako. Ya dawa haikutoka kwako. Makopa yangu uliyaona wewe."

"Nilisema," alisema Theopista. "Sikujua anazipeleka wapi, lakini nilisema."

Minza aliitikia kwa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekuwa akikisia bei na sasa amethibitisha. Akaondoka. Ingekuwa afadhali angemzaba kofi.

Siku ile ile Theopista alimfuata Bwana Telesphor nyumbani. Alimwambia kwamba Optatus asikae tena kwenye benchi lao. Telesphor alikuwa mtu mkimya, si mwovu, mwenye mashine moja na matumbo mengi nyuma yake. Alimtazama kwa mshangao.

"Optatus ndiye anayetuletea dizeli, mama Damiano. Tumepatana. Yeye analeta dizeli, wewe unamwambia nani kasaga nini. Nilikuwa nije nikwambie."

"Yaani umeniuza?"

"Nimekuuzaje? Mtu anapita barabarani mchana kweupe na debe kichwani, kila mtu anamwona. Hapo siri iko wapi?"

"Kila mtu anaona debe moja. Mimi naona yote. Na yule anaona ninayoona mimi, na ya josho, na ya duka la dawa."

"Kwa hiyo kuona ni dhambi?"

"Waliniletea nisage," Theopista alisema. "Hawakuniletea niseme."

Telesphor alishusha pumzi. "Mashine hainywi mahubiri. Inakunywa dizeli. Ukiona huwezi, sema, nitamtafuta anayeweza."

Akarudi nyumbani akiwa hajui aende wapi. Akiondoka, atakuja mwingine mwenye vidole na mdomo. Akibaki, benchi lile liko palepale. Aliamua kubaki na kujifanya mjinga. Optatus akiuliza, anasema macho yake yameharibika kwa unga, siku hizi haoni vizuri. Optatus anacheka, anamwachia soda, anakaa. Kama kompyuta yake haisemi, basi atatazama mwenyewe.

Naye alikuwa anatazama siku Minza alipokuja na debe kichwani.

Alikuja asubuhi, foleni imejaa, amevaa kitenge cha sikukuu. Akalitua debe mbele ya watu akasema kwa sauti ambayo hakuizoea, "Nikoboleeni. Nataka nyeupe kabisa. Pumba mbaki nazo, mimi sina nguruwe."

Wanawake waligeuka. Optatus aliinua kichwa kule benchini. Theopista akazamisha vidole kwenye mahindi, na vidole vikamwambia kabla macho hayajafika. Punje zilikuwa kubwa zote, zimechaguliwa moja moja. Zilinuka moshi. Alipoutoa mkono, ulikuwa mweusi kwa masizi.

Ilikuwa mbegu. Ni ile iliyotundikwa juu ya jiko ingoje mvua. Minza alikuwa ameitungua yote na kuileta ikobolewe mbele ya Optatus, aonekane ana shibe, aachwe. Na kukoboa kwenyewe kulikuwa kutupa chakula, maana pumba zile watoto wake wangezila kwa siku kadhaa. Nani mwingine angewaza hivyo? Mtu wa mbali angedhani mwenye njaa huficha chakula. Kwetu mwenye njaa huficha njaa, na yuko radhi ale mbegu kuificha.

Minza alikuwa anamtazama machoni. Theopista aliingiza mkono wake ndani ya khanga akaufuta polepole, kama mtu anayejikuna, akabeba debe.

"Mahindi mazuri haya," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje.

Optatus alingoja Minza apotee barabarani ndipo akasogea. Alisimama karibu na pumba, akazitazama.

"Vipi, mama? Huyu si alikuwa kwenye makopa? Amepata wapi ya kukoboa?"

"Kwa shemeji zake. Wamemletea magunia toka Inyonga."

"Umeyaona?"

"Nimeyashika. Mkono wangu umewahi kudanganya?"

Haukuwahi. Ndiyo maana uongo ule ulimwuma kuliko uongo mwingine wowote aliopata kuusema, na aliusema bila kupepesa. Optatus aliokota pumba kidogo, akazisugua kati ya vidole, akazinusa. Zilikuwa zinanuka moshi, lakini pale kibandani kila kitu kilinuka moshi wa dizeli. Akazitupa, akapangusa mikono.

"Basi shemeji ana bahati," alisema.

Mwezi uliandama na Optatus hakwenda kwa Minza. Theopista alianza kulala usingizi.

Kisha msaada ukaja. Serikali ilileta mahindi, si mengi, na gari lililoyabeba kutoka mjini lilikuwa la Optatus, kwa kuwa ndilo lililokuwa zima. Watu waliitwa mbele ya ghala la kijiji. Mzee Lyamba, mwenyekiti, alisimama juu ya magunia akaeleza kwamba hayatoshi kila nyumba. Yametolewa kwa wale walioishiwa kabisa, debe mbili kila nyumba, na wenye chakula wasithubutu kujitokeza. Alikuwa mzee mwadilifu na alitaka haki. Shida yake ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kusimama na kusema ameishiwa. Watu waliinamisha vichwa. Wengine walianza kutaniana kwa sauti ya chini, ooh, nenda wewe, mimi kwangu panya wamenenepa.

Kwa Minza ilikuwa mbaya zaidi. Mtu alipolitaja jina lake, wanawake wakasema, "Huyo? Huyo anakoboa na pumba anatupa." Mwenyekiti akapita. Minza alikaa chini na mtoto mgongoni, uso hauna kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndipo Optatus alipoinua mkono, kwa adabu zake zote.

"Mzee mwenyekiti, kwa nini tusumbuke? Mama Damiano yuko hapa. Hakuna anayejua njaa ya kila nyumba kama yeye. Mwache ataje."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Mwenyekiti akafurahi, akamwita mbele. Theopista alitembea mpaka kwenye magunia, na kila hatua alielewa zaidi alivyobanwa. Akimtaja Minza, Minza atapata debe mbili, na Optatus atajua leoleo kwamba Minza hana gunia la Inyonga wala la kwingine. Debe mbili hazifiki mavuno. Zikiisha, Optatus atakuwa mlangoni, na mara hii Minza hatakuwa na cha kukoboa. Asipomtaja, watoto wale watalala na nini?

"Gaweni sawa kwa kila mlango," alisema. "Kidogo kidogo."

"Haiwezekani, mama. Maagizo ni wenye shida tu."

"Basi mimi sina la kusema. Nasaga tu."

Watu walinung'unika. Mwanamke mmoja alisema kwa uchungu kwamba kumbe wenye kushiba ni wachoyo hata wa maneno. Optatus alimsogelea, sauti yake laini.

"Mama, leo si biashara. Leo ni watoto wa watu. Unajua nani analala njaa na unanyamaza? Hiyo si dhambi?"

Na jambo lililomtia Theopista hasira mpaka machozi ni kwamba kijana alikuwa amesema kweli. Kile kile alichokuwa anakiuza, leo kilikuwa dawa. Vidole vyake vingeweza kulisha nyumba ishirini pale, na vingeweza kuiuza moja. Alimtafuta Telesphor kwa macho, labda atamtetea. Telesphor alikuwa amesimama nyuma ya mwenyekiti.

"Taja, mama Damiano," alisema. "Au kesho usije mashineni."

Theopista aliwaona wote, kila uso na debe lake. Aliwaona waliofika kwenye dona, waliofika kwenye makopa, waliofika mwisho. Akafungua mdomo.

"Ni mimi."

Haikuwa sauti yake. Minza alikuwa amesimama. Alimrekebisha mtoto mgongoni, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, neno moja moja.

"Mimi Minza, mke wa Malale. Mahindi niliyokoboa yalikuwa mbegu. Nimekula mbegu, sina nyingine. Malale haumwi kidogo, anaumwa sana, yuko mjini kwa dada yake, hainuki. Ng'ombe wetu wako Sibwesa kwa watu, na watu hao nawajua, na sasa nyie wote mmesikia kwamba wako kwao. Njaa ninayo. Shamba siuzi."

Akakaa. Nakwambia, kwa Msukuma kusimama mbele ya wageni na kusema ng'ombe wake wako wapi na mume wake hainuki, ni kuvuliwa nguo, na huyu alijivua mwenyewe.

Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Hata kwangu makopa yameisha." Mwingine akasema wao walianza kula pumba. Mzee wa bondeni akasema aliuza mpunga wake ukiwa majani na mahindi aliyopewa yamekaribia kwisha. Hilaria akageuka kumtazama yule mzee, kisha akamtazama Optatus, kisha akamtazama Theopista, na hesabu ikamwingia kichwani taratibu mpaka uso ukamgeuka. Mke wa mwenyekiti naye alisema kwao wanachanganya, na mwenyekiti akajifanya anahesabu magunia. Optatus aliondoka pale akaenda kukagua tairi la gari lake. Alilikagua kwa muda mrefu sana tairi zima lile.

Minza alipata debe zake mbili. Zilipokwisha, majirani walimpelekea, kwa kuwa sasa walijua, na aliyejua akapita bila kitu angeonekana. Majaruba hayakuuzwa. Lakini na maneno yale yalifika Sibwesa kama alivyojua yatafika, na ng'ombe walioletwa baadaye hawakuwa wote. Malale alirudi nyumbani amekonda, akawa anakaa kando ya mpunga akifukuza ndege kwa kelele, hiyo ndiyo kazi aliyoiweza.

Theopista alikwenda mashineni kesho yake, na Telesphor hakumfukuza, maana wanawake wote walikuwa pale mlangoni na madebe yao, wanangoja kuona. Benchi la nje likawa la kukalia wenye foleni. Optatus akahamia vijiji vya mbele. Inasemekana biashara yake ilikuwa nzuri huko. Theopista aliendelea kuzamisha vidole, na mtu akikaa karibu naye mashine ikipoa, aliongelea mvua.

Mpunga ulipovunwa, Minza alimletea kikapu cha mchele mpya. Walikaa nje ya kibanda kama zamani, au karibu na kama zamani. Theopista alishika mchele ule kwa mikono miwili. Kulikuwa na jambo alilolimeza tangu siku ile ya ghala, na sasa likatoka.

"Mdogo wangu, nisingekutaja."

Minza aliokota punje iliyoanguka.

"Labda, dada," alisema. "Ila nilikuona umefungua mdomo."

Theopista alitaka kumjibu. Alitafuta neno lililokuwa mdomoni siku ile, kama lilikuwa jina au lilikuwa kukataa, akatafuta kwa haki kabisa, na hakulijua. Minza alimngoja kidogo, kisha akamimina mchele kwenye ungo wa Theopista, akachukua kikapu kitupu, akaenda.